Pole ya Sikitu

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanifuata kibandani kwangu na pingu mfukoni. Ukiona inafanana na nchi unayoishi wewe, kosa ni la nchi unayoishi wewe. Mimi ni kinyozi tu. Habari huzipata kwa sababu kichwa cha mtu mzima hakiwezi kunyamaza kikiwa chini ya wembe.

Inaitwa Jamhuri ya Mteremko. Jina limetokana na jinsi serikali yake ilivyojengwa, yote kwenye kilima kimoja: juu kabisa Wizara, chini yake kituo cha polisi, chini ya kituo ofisi ya Mwendesha Mashtaka, chini yake mahakama, na bondeni kabisa, kwenye mbu, gereza. Wataalamu waliochora ramani hiyo walisema itarahisisha kazi, na kweli imerahisisha. Jalada likiachiwa kule juu hufika gerezani lenyewe, na mwenye jalada nyuma yake. Kupanda hakuna kinachopanda Mteremko, isipokuwa vyeo.

Kibanda changu kiko katikati ya kilima, mkabala na meza ya uji ya Sikitu. Sikitu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mkono mzuri wa uji wa ulezi. Aliishi na mama yake, Bi Nyamizi, ambaye kiharusi kilimchukua upande mmoja na kumwachia maneno machache. Bi Nyamizi hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Ukijaribu kumlisha wewe, alifumba mdomo akageukia ukutani. Kwa hiyo asubuhi Sikitu alimlisha kwanza ndipo aje kuuza, mchana akafunika sufuria akarudi kumlisha, na jioni vivyo hivyo. Mtaa mzima tuliijua ratiba hiyo, na ukichelewa kuja kunywa uji ulikuta meza tupu.

*

Sasa, Waziri wetu wa Haki, Maelewano na Mambo Mengineyo alisafiri ng'ambo akarudi na neno. Neno lenyewe ni ushirikiano. Huko alikokwenda, alisema, amekuta polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza wanakunywa chai meza moja, wakati kwetu kila mmoja anakunywa kwake. Matokeo yake ni aibu. Polisi anamkamata mtu, Mwendesha Mashtaka anauliza ushahidi uko wapi. Mwendesha Mashtaka anamshtaki mtu, Hakimu anamwachia. Wageni wakiona hivyo watasema nini? Watasema hatuelewani.

Kuanzia siku hiyo, tukatangaziwa, vyombo vyote vya haki ni mnyororo mmoja, na pete ya mnyororo haimhoji mwenzake aliyetangulia.

Ili wananchi tuelewe, maana sisi tunasifika kwa kutoelewa, Wizara ilitengeneza mnyororo wa kweli, wa shaba nzito, uliosuguliwa hadi ukawa unaumiza macho. Uzinduzi ukafanyika barabarani mbele ya kibanda changu. Waziri akaubusu mnyororo, akamkabidhi Afande Lukindo, Mkuu wa Kituo. Afande akapiga saluti, akamkabidhi Wakili Mujuni, Mwendesha Mashtaka. Wakili akainama, akamkabidhi Mheshimiwa Hakimu Ntimizi, mama mmoja mwenye mafua yasiyokwisha. Hakimu akapiga chafya, akamkabidhi Bwana Chikoti, Mkuu wa Gereza. Bwana Chikoti akabaki ameupakata, anaangaza huku na huku kama kuna mtu mwingine wa kumkabidhi. Hakukuwa na mtu mwingine. Tukapiga makofi.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Leo vidole vimekutana."

Sikitu alikuwa anakoroga uji wake pembeni. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na chawa ni nani, kaka Mabruki?"

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu sikujua.

Baada ya hapo wakubwa waliingia hemani kula wali. Walipomaliza, Waziri akataka apigwe picha na mnyororo. Mnyororo haupo. Wakatafuta chini ya meza, wakatafuta kwenye mapipa ya barafu, wakampekua mpiga tarumbeta. Wa kuulizwa mara moja alikuwa Bwana Chikoti, lakini Bwana Chikoti alikuwa ameshateremka bondeni, na katika nchi yetu si adabu ofisi ya juu kuiuliza ofisi ya chini. Ofisi ya chini hupelekewa.

Waziri akatoka hemani ameshika kichwa. Alipita katikati yetu, na sote tukaangalia viatu vyetu, kwa sababu mkubwa akiwa na hasira si wa kutazamwa. Sikitu peke yake hakujua utaratibu huo. Alilelewa na Bi Nyamizi, na Bi Nyamizi alimfunza kwamba mtu akiwa na lake usoni humpiti hivi hivi.

"Pole sana, baba," alimwambia. "Pole."

Waziri akasimama. "Pole ya nini?"

"Ya kilichokupata."

"Umejuaje kama nimepatwa?"

"Uso wako, baba."

Waziri akageuka kumtafuta Afande Lukindo. "Mkuu wa Kituo," akasema, "huyu mwanamke amenipa pole." Akaondoka. Hakutoa amri yoyote, na jambo hilo limesisitizwa baadaye katika taarifa zote.

*

Hapa lazima nieleze habari ya lugha, la sivyo utadhani Afande Lukindo alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga.

Sheria za Mteremko zimeandikwa kwa lugha inayoitwa Kisheria. Kuna watu waliwahi kututawala, wakaondoka, wakaisahau hapa. Nyumbani hakuna anayeizungumza. Hata hakimu akijigonga kidole cha mguu hulia kwa lugha ya mama yake. Lakini jalada lisilo la Kisheria haliteremki. Na Kisheria, pamoja na ukubwa wake wote, kina neno moja tu la kumpa mtu pole na la kukiri kosa. Walioileta lugha hiyo, nasikia, hawakuwa na desturi ya kumhurumia mtu wasiyemkosea.

Nikaitwa kituoni kutoa maelezo, mimi na wengine tuliokuwapo. Afande Lukindo ni mteja wangu, namnyoa kila Ijumaa. Aliniwekea kiti.

"Kinyozi, yule mama alisema pole, au hakusema?"

"Alisema, Afande. Lakini pole yenyewe ilikuwa ya..."

"Alisema au hakusema?"

"Alisema. Lakini, Afande..."

"Lakini haina nafasi hapa," alinionyesha karatasi kwa upole kabisa. "Nafasi ni ya ndiyo au hapana."

Nikasema ndiyo, nikatia saini. Nilisema kweli, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kusema kweli. Nimejiambia hivyo mara nyingi, hasa nikiwa nanoa wembe, na mara zote nimekubaliana na nafsi yangu, ingawa nafsi hukubali ikiwa imeangalia pembeni.

Afande akalitia jalada katika Kisheria: mtuhumiwa alimfuata Mheshimiwa Waziri na kukiri. Jalada likateremka. Wakili Mujuni alilisoma akaona mtuhumiwa hakukiri tu, amekiri sana, kisha akarudia kukiri bila sana. Aliniambia baadaye, nikimpunguzia ndevu, kwamba moyo wake ulisita kidogo. Bibi yake naye alikuwa mtu wa kutoa pole. Lakini angemrudishia Afande jalada, je, ushirikiano ungekuwa wapi? Akaliteremsha.

Siku ya kesi tulijaa mahakamani. Sikitu alisimama kizimbani na khanga yake ya kazini, bado ina doa la uji.

"Mshtakiwa," alisema Hakimu Ntimizi, "ulilitamka neno hilo?"

"Nililitamka, mheshimiwa. Nilimwonea huruma. Mimi mnyororo wenyewe niliuona kwa mbali tu, na nina mgonjwa nyumbani anayesubiri kula."

"Mahakama haijakuuliza habari za kula."

Mkalimani akatafsiri: mshtakiwa anakiri, na anaongeza kwamba aliuona mnyororo, na kwamba ana njaa. Wakili Mujuni akaandika pembeni, nia.

Hakimu akashikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi kibaya, kile cha mafua ya muda mrefu, akainama mpaka miwani ikadondoka. Na Sikitu, mazoea yana taabu, akasema, "Pole, mheshimiwa."

Karani akaandika. Wakili akasimama kuomba ruhusa ya kuongeza shtaka la pili, la kuikohoza mahakama. Nakumbuka watu walicheka, nami nilicheka, kisha nikamwona Sikitu anatutazama mmoja mmoja, hana hasira, anatafuta tu nani atasema kitu. Tukaacha kucheka. Kusema hakuna aliyesema.

Hukumu ilikuwa ya haki sana kwa maana ilifuata kipimo: kifungo cha mwezi mmoja kwa kila pete ya mnyororo ulioibwa. Pete zilikuwa ngapi? Hakuna aliyejua, na mnyororo haupo uhesabiwe. Kwa hiyo Mheshimiwa Hakimu akaamuru kifungo kianze mara moja, na mwisho wake ujulikane mnyororo utakapopatikana.

"Mheshimiwa," alisema Sikitu, "na mama yangu?"

"Mama yako hajashtakiwa," Hakimu alimjibu. Nadhani alikusudia kumtuliza.

*

Wizara ilifurahishwa na kesi ile. Ikatoa waraka kwamba kwa kuwa mahakama imekwisha kuthibitisha maana ya neno pole, raia yeyote atakayelitamka atahesabiwa amekiri kosa lililo karibu naye.

Mwanzoni tulidhani mzaha. Kisha jirani mmoja akampa pole kijana aliyeanguka na bodaboda, naye akaunganishwa kwenye ajali. Mwingine alimpa pole shemeji yake aliyeungua nyumba, na hakurudi kula chakula cha jioni. Baada ya hapo tukapata akili. Mtu akianguka tulimzunguka tukiwa tumefunga midomo, tukamnyanyua, tukamkung'uta vumbi, tukaondoka. Hospitalini tulizoea kusema, "Tumekuona, mgonjwa," na mgonjwa anajibu, "Nimeonekana." Kibao cha barabarani kilichoandikwa POLE POLE kilifutwa, kwa kuwa barabara ilikuwa inakiri mara mbili. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, mzee aliyeitwa Mpole tangu kuzaliwa, akaenda kubadili jina, akaambiwa asubiri upelelezi ukamilike.

Na Bi Nyamizi akawa hana wa kumlisha.

Tulipanga zamu. Wanawake wa mtaa walijaribu siku za mwanzo, akafumba mdomo. Walimbembeleza, wakamwimbia, akageukia ukutani. Ilipofika zamu yangu nilikaa na bakuli mpaka uji ukaota ngozi. Akanitazama kwa jicho moja lile linalotii, akauliza, "Sikitu yuko wapi?"

Nikasema, "Sikitu kanituma."

Akafungua mdomo.

Ndiyo ikawa njia. Kila kijiko nilisema, "Sikitu kanituma," naye akapokea. Nikiacha kusema, alifumba. Watu wa mtaa walinisifu kwamba nina mkono wa huruma. Mimi nilijua kilichokuwa kwenye kijiko. Mtu aliyetia saini ndiye aliyekuwa analisha kwa jina la aliyefungwa, na jina hilo halikuchoka kufanya kazi hata likiwa gerezani.

Kumtembelea Sikitu sikwenda. Nilikuwa na kazi nyingi. Nywele huota kila siku.

*

Wa kwanza kwenda gerezani alikuwa Afande Lukindo. Alivaa kiraia, akabeba kilo ya sukari, akajisemea anakwenda kukagua ushirikiano. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye kiti changu, siku hiyo haikuwa Ijumaa, na nywele hazikuwapo za kunyoa.

"Kinyozi," alisema, "geti la gereza limefungwa kwa kitu gani?"

"Sijawahi kufika, Afande."

"Mnyororo wa shaba," alisema. "Ule ule. Unang'aa mpaka unaumiza macho."

Bwana Chikoti hakuuficha hata kidogo. Afande alipomuuliza, alishangaa kuulizwa. Gereza lilikuwa limeomba mnyororo wa geti kwa muda mrefu sana, halijaletewa. Siku ya uzinduzi Waziri mwenyewe akauleta, ukapita kwa wakubwa wote kwa utaratibu, kila mmoja akamkabidhi mwenzake, ukafika kwake, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Angefanya nini? Alishukuru, akashuka nao, akafungia geti. Alidhani ile ndiyo maana ya ushirikiano.

"Sasa utamtoa Sikitu?" niliuliza.

Afande alifumba macho. "Nimwambie nani? Nikisema nilikosea, Wakili aliyenipokea ataonekana hakusoma. Nitamvunjia heshima mwenzangu. Nilimfuata yule mama dirishani, nikamwambia, 'Pole, dada.' Nilinong'ona."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama mama yake amekula."

Wiki hiyo hiyo Wakili Mujuni akaenda na mkate. Akauona mnyororo, akasimama mbele yake mpaka askari wa zamu akamuuliza kama anajisikia vibaya. Yeye kwangu alisema akilirudisha jalada, Afande ataonekana muongo na Hakimu ataonekana kipofu, na wote wawili ni watu wazuri, wamesaidiana kwenye misiba. Alimwambia Sikitu pole kupitia tundu la ukuta. Kisha akaenda Hakimu Ntimizi, amejifunika mtandio usoni, na chupa ya mafuta ya nazi mkononi. Alikohoa, Sikitu akanyamaza kwa kuwa alikuwa amekwisha kujifunza, na Hakimu akasema yeye, "Pole, mwanangu." Hata Bwana Chikoti alimpa pole kila asubuhi alipokuwa anahesabu wafungwa, akidhani yuko peke yake katika hilo.

Hivyo ndivyo vyombo vyetu vilivyoshirikiana. Hakuna aliyekuwa na moyo mbaya. Ningependa mmoja angekuwa nao, ingenirahisishia kusimulia. Kila mmoja alijua, kila mmoja aliumia, na kila mmoja alikaa kimya kwa heshima ya mwenzake. Walipoteremka kutoka kwenye kiti changu walinilipa zaidi ya bei, nami nikapokea.

*

Mwaka ulipogeuka, Wizara ilituma Kamati ya Tathmini ya Mnyororo ikaone mafanikio. Waziri mwenyewe aliiongoza, na wakuu wote wa kilima wakafuatana naye mpaka bondeni. Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni, na mnyororo ulining'inia pembeni, umesuguliwa upya kwa heshima yao. Waziri aliushika ili asijikwae, akapita.

Wafungwa wakapangwa uwanjani. Waziri aliuliza, kama kanuni zinavyotaka, kama kuna mwenye malalamiko. Hapo kila siku jibu ni hakuna. Sikitu akanyoosha mkono.

"Mimi sina malalamiko," alisema. "Nina mambo mawili tu. La kwanza, mnyororo ndio ule, umeupitia, baba. Zihesabiwe pete nijue siku yangu ya kurudi kwa mama. La pili, hawa wakubwa wote wamekuja kunipa pole. Afande, Wakili, Mheshimiwa Hakimu, na Bwana Jela kila asubuhi. Nauliza tu, kwa ile maana yenu, wao wamekiri nini?"

Nimesimuliwa na askari aliyekuwapo kwamba hata mbu walisikika. Afande aliangalia viatu vyake. Hakimu alitaka kukohoa akajizuia. Waziri akatangaza mapumziko ya chai, na chai ile ilinywewa meza moja.

Kamati ilirudi na maamuzi, yakasomwa kwa Kisheria na kutafsiriwa. Kwanza, mnyororo ulioibwa umeibwa, na ule wa getini uko getini, hivyo haiwezekani ukawa mmoja. Pili, neno pole likitamkwa na ofisa wa serikali lina maana ya taratibu, kama mtu anavyosema kazi iende polepole, kwa hiyo waheshimiwa walikuwa wanamweleza mfungwa mwendo wa haki. Tatu, kwa kuwa mfungwa ameonyesha dalili za kufikiri, ambazo zinaweza kuwaambukiza wengine, apewe msamaha.

"Msamaha wa nini?" aliuliza Sikitu.

"Wa kuiba."

"Na kile nilichoiba kinabaki getini?"

"Mama," alisema Bwana Chikoti kwa sauti ya kuomba, "pokea tu."

Alipokea. Lakini msamaha Mteremko hutiwa saini Wizarani, na Wizara iko juu. Karatasi ikaanza kupanda. Nimesema tangu mwanzo kwamba kwetu hakuna kinachopanda. Ilifika mahakamani ikasubiri mtu wa kuibeba. Ikafika kwa Wakili, ikasubiri. Kila ofisi ilikuwa na matarishi wengi wa kuteremka, na hakuna hata mmoja wa kupanda.

Mimi niliendelea na kijiko. Bi Nyamizi alikuwa amebaki mifupa na jicho. Siku moja mchana nikasema, "Sikitu kanituma," naye hakufungua mdomo. Nikarudia. Alinitazama sana, akauliza lile swali lake, na nikaona nisimdanganye tena, nikamwambia, "Yuko njiani." Karatasi ilikuwa njiani. Nilijiambia ni karibu na kweli.

"Hakukutuma," akasema Bi Nyamizi. Hakuwa amewahi kusema neno hilo. Akageukia ukutani, na hakugeuka tena.

*

Karatasi ilipofika juu hatimaye, saini ilishuka kwa haraka sana, kama mambo yote yanayoshuka. Askari akafungua mnyororo ambao Sikitu alifungwa kwa kuuiba, akampitisha, akaufunga nyuma yake. Alipanda kilima kwa miguu. Mama yake alikuwa amezikwa jana yake.

Tulikuwa tumekaa matangani, mikeka imetandikwa mpaka barabarani. Mtaa wote ulikuwapo. Afande Lukindo alikuwapo, nyuma, bila kofia. Wakili Mujuni alikuwapo. Hakimu Ntimizi alikaa na wanawake, mtandio umefunika mdomo. Bwana Chikoti alikuwa ameleta mchele. Tulimwona Sikitu akitokea chini ya mteremko.

Alikuja na ile khanga yenye doa. Hakulia. Alikaa mkekani, miguu ameikunja, akasubiri.

Unajua anachosubiri mfiwa. Hata mtoto anajua. Mtu huja, humshika mkono, humwambia neno moja, na neno hilo halifufui maiti, lakini bila hilo mfiwa anakuwa kama hajafiwa, anakuwa amekaa tu. Tukaanza kupita mbele yake. Wa kwanza akamshika mkono akasema, "Tumekuona." Wa pili akasema, "Tumekuona, dada." Wanaume wazima, wanawake waliomnywesha Bi Nyamizi maji ya mwisho, tulipita mmoja mmoja tukiwa tumelishika neno mdomoni mfano wa kokwa la embe, hatuwezi kulimeza wala kulitema. Afande angeweza kulisema, yeye ruhusa anayo, lakini kwake lina maana ya taratibu. Alipofika mbele ya Sikitu alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kukaa.

Ikafika zamu yangu. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba mimi nitalisema, liwalo na liwe. Nilimshika mkono, mkono wake ulikuwa mkavu.

"Kaka Mabruki," aliniambia yeye kwanza. "Walisema wewe ndiye uliyekuwa unamlisha."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakula?"

"Alikula."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa wako," nikasema. "Nilimwambia umenituma."

Aliutazama mkono wangu. Nililitafuta lile neno, lilikuwapo, lilikuwa hapa kwenye ulimi, na pembeni ya jicho nikamwona Afande amekaa na karani wake wa kituo. "Tumekuona, Sikitu," nikasema. Nikanyanyuka.

Sikitu akatutazama. Alitutazama wote, kama alivyotutazama siku ile kizimbani, ila sasa hakuwa anatafuta mtu. Alimtazama Hakimu na mtandio wake, akamtazama Bwana Chikoti na mchele wake, na mimi na mikono yangu ambayo sikujua niiweke wapi.

"Poleni," alisema.

Alilisema kwa sauti, mpaka mikeka ya barabarani ikasikia. Karani wa kituo alitia mkono mfukoni kutafuta kalamu, na Afande Lukindo akaushika mkono ule akaubana hapo hapo mfukoni.

Kwetu mtu akikupa pole, unamjibu, "Nimeshapoa." Mkiwa wengi mnajibu, "Tumeshapoa." Ni neno jepesi, na waraka haukulikataza. Sikitu alisubiri, tukakaa pale na midomo yetu mpaka wali wa matanga ukapoa kwenye sinia, na hakuna aliyemjibu.